Jimbo la Ruphin Halipo Tena

Durban, 22 Septemba 2024

Kaka yangu mkubwa, yaya wangu Ruphin,

Nakusalimu sana, wewe na wifi Carmel. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na baridi ya huko haijawatesa. Sisi tunapumua. Mama bado anasuka, saluni imehamia upande wa pili wa robot, zile taa za barabarani, na wateja wamemfuata. Mimi shule iko sawa, Kiingereza na Kizulu napata alama nzuri, ila mwalimu analalamika kwamba siongei darasani. Ndiyo sababu naandika. Ulipopiga video, watu wa kanisa walikuwa wamejaa chumbani wakipokezana simu, na iliponifikia nikasema tu "sharp, yaya, niko sawa", nikaipitisha. Nilikuwa na maneno mengi.

Unajua Papa alivyogeuka mwenyeji wa Calderwick, jimbo lenu la uchaguzi huko, tangu ulipopata uraia na kupiga kura. Hapa hana kura, na kwetu tulikimbia kabla sanduku la kura halijafika, basi akalichukua jimbo lako likawa lake. Akirudi kutoka kulinda magari ya watu kule ufukweni, alikuwa anavua viatu na kuniambia nimsomee kwenye simu: Calderwick ilianza lini, nani alipita, nani alianguka. Nilimtafsiria yote, tangu 1950, yule tajiri wa kiwanda cha sufu, halafu chama cha wafanyakazi, halafu ule mwaka wa 1974 walipopiga kura mara mbili na mara ya kwanza mtu akashinda kwa kura tisa. Kura tisa! Hapo alinirudisha mara nyingi. Alitaka kujua yule aliyeshindwa alilala wapi siku ile. Nilimwambia simu haisemi, labda kwake. Akauliza, kwake kwake? Hakuchomewa nyumba? Hakuvuka mpaka? Nikamwambia alirudi Oktoba mwaka huo huo kugombea, akashinda. Papa alicheka mpaka akafuta macho.

Mzee Onesphore, yule Mrundi anayetengeneza simu, alikuwa akimtania, "Mheshimiwa wa Calderwick, kampeni gani hii kavu, hata soda hakuna?" Papa anamjibu kwamba yeye hahongi watu wa Bujumbura, kura zao hazimfai.

Mwezi wa saba uchaguzi ulipofika, niliitafuta Calderwick nisiione. Nikasoma kwamba mipaka imechorwa upya, kipande kimeunganishwa na jimbo la huku, kipande na la kule, na Calderwick haipo tena. Nilimwambia Papa hivyo hivyo. Halafu akaniuliza ninyi mmepelekwa wapi.

Yaya, wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka kuliko mimi. Kwetu walipochora upya mipaka, watu wa upande wetu waliambiwa si wenyeji tena, na kilichofuata unakijua. Papa hakuwa na namna nyingine ya kuielewa habari ile. Akaona tayari mmefungasha, mnakuja huku. Alinunua godoro la sponji sokoni Warwick, akalibeba kichwani mwenyewe, akahamisha vitu vyake kwenye kona ili mpate nafasi. Alianza kula vizuri. Akawa anaimba akinyoa ndevu.

Wewe ulipopiga, hakukuuliza kitu. Mama alishangaa, Papa akamwambia mambo ya safari hayatajwi kwenye simu, je, amesahau tulivyofika huku? Mtu aliye njiani anaachwa apite.

Kumbe wakati huo kiatu kilikuwa kimemtoboa kidole, na kwa sukari yake kidonda kikakataa kupona. Daktari alisema kidole kikatwe haraka. Papa akakataa. Alisema mwili wake hautaguswa kabla mtoto wake wa kwanza hajafika na kutoa neno, na mtoto huyo yuko njiani. Mama alimsihi, mchungaji akamsihi. Kidonda kilikuwa kinapanda, chumba kinanuka, na yeye anasema, "Subirini kidogo, Ruphin anakuja."

Mwisho nilikaa kitandani kwake nikamwambia ukweli. Kwamba watu wote wa Calderwick wako majumbani mwao. Kwamba ni mistari tu kwenye ramani, na wewe unaenda kazini kwa njia ile ile. Akaniuliza kama nyumba bado unayo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu asifiwe." Akageukia ukuta, na baada ya muda akaniambia nimwite daktari.

Wamekata juu ya goti. Mama alikuambia ugonjwa ulichelewa kugunduliwa. Haukuchelewa, yaya.

Siku ile ya kwanza, Papa aliniuliza, "Kwa hiyo Ruphin anarudi?" Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wote. Nilijua hakuna mtu aliyehamishwa. Nikasema, "Ndiyo, Papa, anarudi." Uso wake ulifunguka, eish, sijawahi kumwona hivyo. Nilijiambia nitamsahihisha kesho. Kesho alikwenda kununua godoro. Halafu na mimi nilikuwa nakutaka. Uliondoka nikiwa mdogo, nakujua kwa simu tu, na kila aliposema unakuja nilijisikia kana kwamba ni kweli.

Yeye anadhani nilikosea kusoma. Sasa kila mtu akija kumtazama, anamwambia kwamba Laurette ndiye aliyemwokoa, wengine wote walimbembeleza, Laurette peke yake alimwambia ukweli. Jana alisema hivyo mbele ya Mzee Onesphore, amenishika mkono, na Mzee akanibariki. Nilienda jikoni nikafungua maji ili wasinisikie.

Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie nimwambie au ninyamaze. Utakalosema nitafanya, hata kama hutataka tena kuongea na mimi.

Mama anakusalimu, na Papa pia, anasema usijisumbue na tikiti, maisha ya huko ni ghali. Mpe wifi mkono wangu. Mungu awalinde nyumbani kwenu.

Ni mimi mdogo wako,
Laurette