Mistari Miwili ya Mama

Jumamosi

Mwaka huu pia Mama amepanda. Kwetu hapa Nyamasaria mtoto hapandi kabla ya mama yake, kwa hivyo leo ametangulia kama kila msimu. Amefukia mahindi mistari miwili, na mgongo wake ulivyo mbovu, kisha akaniita.

"Otieno, nimewafungulia. Sasa pandeni."

Nani apande? Ndugu zangu wote walishauza, mashamba yao sasa ni nyumba za kupangisha. Mimi nilibaki nalima, lakini mwaka juzi jua lilichoma kila kitu, mwaka jana mafuriko. Nimechoka, basi.

Nimemjibu, "Sawa, Mama. Kesho."

Amefurahi mpaka akanipa mbegu alizobakisha. Ziko hapa mezani. Kesho asubuhi mnunuzi wa shamba langu anakuja na mpimaji, na bado sijamwambia Mama.