Bismillahi ya Bastola

Majengo, Jumanne, mwaka wa pili wa Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni

Mkono bado unauma. Sikuomba kuwa homugadi, mlinzi wa kijiji wa serikali; mimi ni mchinjaji. Leo afisa mzungu amenipa bastola yake, eti nipige gunia la viazi lililovishwa koti.

Nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," kama ninavyosema nikishika kisu, nikafyatua. Bastola ile hujijaza risasi yenyewe, haikupi hata nafasi ya kutubu. Nikapiga tena.

"Umesema nini, boi?" Anacheka.

"Mazoea tu, bwana."

Niliposogea kwenye gunia nikakijua kiraka cha kijani kwenye koti. Koti la M'Ikiara wa Kibirichia, aliyekuwa akiniuzia mbuzi. Askari walimkamata mwezi uliopita, eti ni mtu wa waasi wa msituni.

Maneno yale husomewa mnyama wa kuliwa, nami leo nimelisomea koti la mtu. Kesho kuna mbuzi wa kuchinjwa, na sijui kama ulimi utakubali kuyatamka.