Bolti Isiyotakata

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila sina raha tangu uniandikie jinsi bunduki yako ilivyokwama mbele ya nyati. Eti askari wa wanyamapori ukapanda mti! Nilicheka, halafu nikalia.

Mkuu wenu amekubali nikutumie bolti mbili mpya, kile chuma cha kuingiza risasi mtutuni. Moja nimeipaka nikeli, inang'aa. Nyingine kaboni, nyeusi tii. Hapa maabara nimezisugua kwenye mashine, kwa mafuta safi, na nikeli inateleza vizuri zaidi. Lakini mashine yangu haijawahi kuonja vumbi la huko. Zitumie kwa zamu, uniambie ipi inachakaa. Mwisho wa mwezi naamua kikosi chenu kizima kipewe ipi. Nikikosea, wewe ndiye utakayerudi juu ya mti.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Kifua shwari. Wewe je, unalala? Ya nikeli tamu, lakini imeanza kubanduka pembeni, na jana ilikwama kidogo. Hiyo nyeusi ndiyo imenishinda. Umesahau mama, Mungu amrehemu, alivyotulea? Sufuria yenye masizi ilikuwa hairudi kabatini! Basi kila jioni nazisugua zote mbili kwa majivu na mchanga, kama tulivyokuwa tukifanya, na hii nyeusi haitakati ng'o. Wenzangu wananicheka. Nitumie dawa ya kutoa hayo masizi.

Mdogo wako

27 Machi

Wewe mwehu, marahaba!

Hayo si masizi, ndiyo mpako wenyewe! Nani anasafisha bunduki kwa mchanga? Nilifoka peke yangu mpaka bosi akachungulia. Halafu nikajiuliza: kwani vumbi la huko si mchanga tu? Nikamwaga majivu na mchanga kwenye mashine, bosi nusura azimie. Nikeli ikatoka kama ganda la yai. Nyeusi wala haikushtuka!

Nimechagua nyeusi kwa kikosi kizima. Lakini bado naogopa, maana mashine si nyati. Kuanzia leo tumia kitambaa na mafuta, tafadhali.

Dada yako

20 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? U mzima? Andika hata neno moja.

Dada

29 Mei

Dada, shikamoo.

Nisamehe, kila nikianza barua naichana. Nyati alirudi, na safari hii hapakuwa na mti. Nilipiga hewani, hakujali. Nikavuta ile bolti nyeusi, nikasukuma, ikaenda na kurudi bila kusita. Risasi ya pili, niliyoipiga chini mbele yake, ndiyo iliyomgeuza. Sote tu wazima, na nyati pia.

Jioni nilikaa kuisafisha kwa kitambaa, kama ulivyoamuru. Mkono ukawa unatafuta majivu wenyewe. Nikamkumbuka mama, nikalia kama mtoto. Nadhani hiki ndicho chombo cheusi pekee ambacho angekiruhusu kabatini.

Mdogo wako