Mama Kamba, Uliyejua Kurudi

Mwaka umetimia, Mama, tangu wenzako wakushushe mlimani kwa machela, wakipokezana mabega siku mbili nzima. Wapagazi walikuita Mama Kamba. Sisi tulikuita Mama tu.

Ulianza kwa kubeba masufuria ya kambi, mwanamke peke yako kati ya wanaume arobaini. Walisema utarudi kabla jua halijapinda. Miaka sita baadaye ndiwe uliyetangulia, kamba kiunoni, na wao nyuma. Ulifika kileleni mara mia mbili na kumi na moja.

Nyumbani ulikaa barazani ukiipitisha kila kamba vidoleni, polepole, ukitafuta uzi uliolegea. Yenye walakini uliikata papo hapo. Ndiyo maana hatukuwahi kukosa pa kuanikia nguo. Baridi ilipokula kidole chako cha mguu, ulituambia angalau viatu sasa havibani.

Tunamkumbuka yule mgeni aliyeanza kupayuka hatua chache kabla ya kilele, midomo imemgeuka rangi. Alikusihi, kisha akakufokea kwamba amejiandaa miaka miwili. Ukamwambia, "Kufika ni nusu ya safari, ndugu yangu. Nusu ya pili huna miguu yake." Ukamgeuza. Alikushtaki ofisini, ukasimamishwa msimu mzima. Ukalima vitunguu nyuma ya nyumba, bila kinyongo.

Siku ile dhoruba ilipoanza uliwateremsha wageni wote wanne salama. Mpagazi mmoja akakosekana. Msaidizi wako alikuzuia, akisema mawe yanaporomoka. Ulimjibu kwamba yule naye ana kwao, ukapanda tena. Ulimkuta amevunjika mguu, ukamburuta hadi chini ya mwamba. Mwenyewe hukuwahi kuingia kabla mawe hayajakufikia.

Yu hai, Mama. Juzi alikuja na mkongojo wake, akakaa na Baba sebuleni. Hatukufichi, wengine tulikuwa na kinyongo naye, tukabaki jikoni. Alipoaga, Baba alimshika mkono, akamsindikiza taratibu mpaka barabarani, akamwambia aje tena. Ndipo nasi tukatoka kumuaga.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, dada yako, mkweo, na wapagazi wote uliowafundisha kufunga fundo. Mjukuu uliyemwacha tumboni ameanza kusimama dede. Tumempa jina lako.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.