Maji ya jaruba namba nne

Jumanne, katikati ya Novemba. Mvua bado. Ziwa leo halikupiga hata wimbi moja, na joto ni lile la kungoja mawingu yasiyokuja. Naandika sasa hivi kabla jua halijazama upande wa Malawi, maana nikichelewa nitapata sababu ya kutoandika.

Nimedanganya watu. Naanza na hilo.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mmatengo wa Maguu, kule milimani, nilishuka huku ziwani zamani, nikaoa, nikabaki. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ni mzuri. Ndiyo maana mtafiti wa mpunga alipokuja kijijini alinichagua niwe mpimaji wake. Kila asubuhi nilipita kwenye majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, nikapima, nikaandika kwenye daftari. Tunamwita Dokta. Ni kijana, analingana na mwanangu wa kwanza, ila ana heshima. Ananiita Mzee Kosmas.

Zamani wataalamu walitutaka tupande mbegu za kuzaa sana, basi. Siku hizi mambo yamegeuka. Wanataka mche mmoja mmoja kwa kamba, maji kidogo, na zaidi ya yote wanatafuta mpunga unaovumilia ukame. Tena wanautafuta kwenye vibuyu vya bibi zetu, kwenye mbegu zile zile walizotuambia tuzitupe.

Bibi Felista wa hapa kijijini alikuwa na mbegu ya namna hiyo. Ilikuwa kidogo, ikatosha jaruba moja tu. Jaruba namba nne.

Kwenye kila jaruba Dokta alizika kipande cha bomba la plastiki chenye matundu, kimesimama wima, mdomo nje. Unatumbukiza rula, unaona maji yako chini kiasi gani. Kiangazi cha mwaka jana akafunga mfereji, aone mpunga upi utastahimili kiu.

Wiki ya tatu udongo ulikuwa umepasuka kila mahali. Mabomba yote makavu mpaka chini. Nikafika la nne, nikatumbukiza rula, ikatoka imelowa karibu yote.

Nilipiga magoti nikagusa. Udongo wa juu mkavu kama wa majaruba mengine. Ndani ya bomba, maji. Tena si ya baridi. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama maji ambayo mtu ameyashika mdomoni.

Siku ile niliandika kweli. Jioni Dokta akasoma daftari mbele ya wenzake, akacheka.

"Mzee Kosmas, mfereji nimeufunga wiki ya tatu hii. Haya maji umeyabeba ziwani na ndoo?"

Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Kesho yake niliandika: kavu.

Nikaandika kavu kila siku mpaka mavuno.

Hata rula sikuitumbukiza tena kwenye lile bomba. Nilikuwa nalipita haraka, kwa sababu lilikuwa na sauti. Siyo kila siku. Ukisimama karibu ulisikia kitu kinameza, kinapumzika, kinameza tena. Mpunga wa majaruba mengine ukawa wa njano, ukalala. Wa namba nne ukasimama kijani peke yake katikati ya ule ukavu, na sikuona hata ndege mmoja akitua pale.

Bibi Felista alinionya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia.

"Mwanangu, mpunga wangu mimi naujua. Hauvumilii kiu huo. Unanyweshwa."

"Na nani, Bibi?"

"Ninyi Wamatengo kazi yenu kuchimba ngolo, mashimo yenu ya kulimia huko mlimani. Maji ya chini mtayajulia wapi?"

Nikamwambia hizo ni hadithi za wazee. Nilimwambia hivyo na huku vidole vyangu vilishayagusa yale maji.

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe. Siku wakulima walipoletwa kuona shamba, Dokta alinisimamisha mbele nisome daftari. Nikasoma: kavu, kavu, kavu. Halafu nikawaonyesha jaruba la kijani. Watu wakapiga makofi. Kati yao alikuwepo dada yangu Kolomba, ameshuka kutoka Mbuji na kikundi chao. Alipiga makofi kuliko wote. Nilijisikia mtu.

Masika mbegu ya Bibi ikazalishwa kwenye majaruba yote, ikajaa magunia. Ikaamuliwa ipelekwe mabonde ya Kitura na Mbuji kule milimani, kwa wale ambao mvua huwa inawakatikia njiani.

Wiki iliyopita Kolomba akanipigia simu.

"Kaka, mahindi safari hii nayaacha. Bonde lote naweka mpunga wenu."

Kolomba ni mjane mwenye watoto. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile kinatoka kwenye lile bonde. Bonde lenyewe likikosa mvua wiki mbili linapasuka, na chini yake hakuna wa kuunywesha mpunga.

Nikamwambia, "Sawa, dada."

Jumapili nilipanga foleni ya kitubio kanisani. Walipobaki watu wawili mbele yangu nikatoka, nikajifanya nina simu.

Leo asubuhi lori lilikuja kuchukua magunia. Nilipoona wanalipakia, miguu ikanipeleka yenyewe kwa Dokta. Nikamwambia yote. Kicheko chao, hofu yangu, kavu za uongo, maji ya uvuguvugu. Hakunigombeza. Uso wake tu ulibadilika. Akawaambia wapakiaji wasubiri, akachukua rula, tukaenda jarubani.

Mdomo wa bomba namba nne ulikuwa umefungwa na utando wa buibui. Mnene, wa siku nyingi. Dokta akautoboa, akatumbukiza rula mpaka mwisho.

Ilitoka na vumbi.

Akarudia. Vumbi. Akachimba pembeni kwa mkono, udongo ukasagika kama unga.

"Mzee Kosmas," alisema polepole, kama unavyosema na mgonjwa, "daftari linasema kavu. Bomba linasema kavu. Wewe peke yako ndiye unasema maji. Kuna mtu amekutisha na mambo ya uchawi?"

"Hapana, Dokta. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Umechoka, mzee wangu. Pumzika wiki hii."

Akarudi kwenye lori. Nililisikia likipanda njia ya Mbinga mpaka sauti ikaisha.

Nilibaki pale nimechuchumaa. Bibi Felista akapita na ungo wa dagaa wa usipa akitoka kuwaanua.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, Bibi."

Akasimama kidogo tu. Na mimi niliisikia, mchana kweupe, jua la utosini: ile sauti, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi sasa ameiachia. Nikatumbukiza rula. Ikalowa mpaka kwenye kidole changu. Uvuguvugu ule ule.

"Hapendi kelele za gari," Bibi akasema, akaendelea na safari yake. Hakuwa ananitania. Afadhali angenitania.

Nilimpigia Dokta mara tano. Hapatikani, yuko milimani. Nikampigia Kolomba, nikamweleza kila kitu bila kujipamba.

Aliniacha nimalize.

"Kaka, siku ile ulisoma kwa sauti yako. Leo kwa sauti hiyo hiyo unaniambia ulikuwa uongo. Nitajuaje kwamba leo ndiyo kweli?"

Nikaanza kumweleza upya habari za maji, akanikatiza.

"Na Dokta amepima?"

"Amepima."

"Akakuta nini?"

"Kavu."

Nikasikia anavuta pumzi. "Basi nitapanda nusu," akasema. "Nusu mpunga, nusu mahindi. Zaidi ya hapo usiniombe." Akakata.

Kwa hiyo nusu ya chakula cha wale watoto bado imesimama juu ya uongo wangu. Na Kolomba ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Wale wa Kitura hawana sababu ya kuniamini hata kwa hiyo nusu.

Nimemwomba mke wangu anifungie nguo mbili. Kesho napanda basi la asubuhi kwenda Mbinga, kisha Kitura, kisha Mbuji, kabla watu hawajaloweka mbegu. Nitasimama mbele yao niseme, mpunga huu haustahimili ukame, mimi ndiye niliyewadanganya. Wakitaka ushahidi, sina. Nina daftari tu, na daftari ni langu, na linanipinga kila ukurasa.

Je, watanisikiliza? Ningekuwa wao, nisingejisikiliza.

Nitaenda hivyo hivyo.