Kidogo Yako Imeniponza, Baba

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote mlio hapo nyumbani, mjini Baraka. Goti lako linaendeleaje? Mama alisema kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda mlima hadi shamba letu la kule Lubondja, na daktari alikukataza. Mimi mwili uko salama. Moyo ndio umejaa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo kaa vizuri usome mpaka mwisho.

Huku Norwe, kabla hujaanza shule ya lugha, wanakupima kwanza. Walinipa karatasi yenye mistari mingi: naweza kusalimu, naweza kueleza kazi yangu, naweza kusoma barua ya shule. Kwa kila mstari unachagua: siwezi, kidogo, vizuri. Nilikuwa nimejifundisha peke yangu karibu mwaka mzima, kwa redio na vitabu vya watoto vya maktaba, na mistari karibu yote niliiweza. Lakini mkono ulikataa kwenda kwenye vizuri. Nikatia alama kwenye kidogo, kuanzia juu hadi chini. Mwalimu aliyenipima akaniuliza kama naongea lugha yao. Nikainamisha macho, nikajibu: kidogo tu. Akashukuru, akafunga faili.

Nani alinifundisha hivyo? Ghala likijaa mihogo mpaka mlango haufungiki, jirani akiulizia mavuno unamjibu, "Tumepata kidogo." Siku niliporudi na bulletin yangu ya alama za shule, wa kwanza darasani, nikapiga kelele uani, ulininyamazisha mbele ya wageni: "Usijisifu, mutoto yangu. Bengine ndiyo batasema." Basi huku hakuna wengine wa kusema, Baba. Wamenisoma kama nilivyojiandika.

Wameniweka kundi la wanaoanza kabisa. Mimi niliyefundisha darasa la tatu miaka minane hapo Baraka, wiki ya tatu sasa nafundishwa kushika kalamu. Juzi nilipewa picha ya tunda, pomme, niipake rangi. Niliipaka kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Siwacheki wenzangu, wengine hawakupata hata siku moja ya kukaa darasani. Ila kuna nafasi ya kusaidia walimu kwenye shule ya watoto wadogo, na wanachukua watu wa kundi la pili tu. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Ikinipita, nitafagia ngazi za watu mwaka mwingine mzima, nami ni mwalimu.

Jana nikamfuata yule mwalimu. Akatoa karatasi yangu, akasema, "Lakini uliandika mwenyewe." Nilikasirika hadi nikasahau kuinamisha macho. Nikamweleza yote kwa lugha yake, ghala, mihogo na wewe, nikikosea huku na kule bila kusimama. Akasema atanipima upya Jumatatu. Kisha akafungua ukurasa wa malengo yangu. Walikuwa wameniandikia: ataweza kutaja jina lake. Nikakata mstari huo, nikaandika: nataka kuweza kugombana na ofisi bila mkalimani. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Sijui Jumatatu itakuwaje. Lakini Neema, mdogo wangu, ataitwa na directeur wa shule mwezi ujao aulizwe maswali ili apewe darasa la kufundisha. Najua utamkalisha umfundishe adabu ya kujibu. Nakuomba, Baba, mara hii nyamaza. Akiulizwa kama anaweza kufundisha, aseme, "Mi naweza," na amtazame mtu machoni.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza samaki wa ndagala sokoni, na kaka yangu wa pikipiki, umwambie aendeshe polepole. Wewe nakupenda hata nikiwa na hasira.

Ni mimi binti yako,
Mapendo, mwalimu mzuri sana.