Pédale tatu, transfo moja

Ananie wangu wa Bungulu,

Huku Bulengera tuko wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Ninakuandikia juu ya zile pédale za guitare basse uliniachia, tusanduku twa kubadilisha sauti. Ya kwanza inaomba volti tisa, ya pili kumi na mbili, ya tatu kumi na nane. Ulisema utakuja na alimentation, chombo kimoja cha umeme chenye kutoa volti zote tatu. Siku ya Mungu, mu kanisa, Siméon anayeongoza chorale yetu alichoka kungoja, akaziunga zote ku transfo moja ya umeme, ya volti kumi na mbili. Ile ya tisa ilitoa moshi, ikakufa. Ile ya kumi na nane ikalia kama mutu mwenye mafua. Nilizichomoa, nikapiga basse mutupu.

«Ni vile vile tu, Bénite,» akaniambia.

Hapana, haiko vile vile.

Jana mama yako alifika hapa. Anasema umepata kazi ku Kampala, kwa hiyo ndoa yetu ingoje. Nikamujibu: «Mama, Ananie mwenyewe hajaniambia.» Akavaa viatu vyake, akaenda.

Pédale mbili zenye kubaki nimezifunga mu kitenge. Tuma mutu azikamate, ao kuja wewe mwenyewe, uniambie uso kwa uso.

Ni mimi, mwenye kukungoja bado,
Bénite